Katoni ya Filamu Zilizotumika

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za duka. Mkanipa saa ya ukutani na keki yenye jina langu kwa krimu ya pinki, mkaniomba niwaandikie siri za kumhudumia mteja. Jamani, siri hakuna. Mteja akiingia mwamkie, msikilize, na usimwambie arudi kesho kama kazi yake ni ya dakika tano. Basi, somo limekwisha. Ninaloandika hapa ni jambo lingine, na wengi wenu hamjalisikia kwa sababu duka letu halikupenda lisemwe.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na Mzee Kanti, babu yake huyu bosi wenu mwenye miwani. Baba yake Mzee alikuja Kisii kutoka India kuuza vitambaa. Mzee mwenyewe alizaliwa hapa hapa mjini, na Ekegusii chake kingewaaibisha ninyi mnaojifanya mmesahau. Tuliuza na kutengeneza mashine za ofisi: taipureta, fotokopi, na zile mashine za stensili ambazo shule zilichapia mitihani. Ukimwona mwalimu ana mikono myeusi hadi kwenye viwiko, ujue muhula unakwisha.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Shabani. Familia yake ilikuwa ya Waislamu wa mjini, watu wa biashara tangu zamani, lakini yeye alipenda skrubu kuliko mizani. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya taipureta iliyokwama. Nikaanza kueleza nilivyosoma chuoni. Akainua kidole. "Mwanangu, kwanza nyamaza. Mashine ndiyo mgonjwa, si wewe." Nikanyamaza karibu mwaka mzima. Alinifundisha kusafisha nyundo za herufi kwa mswaki wa meno na spiriti. Alinifundisha pia kuhifadhi karatasi ndani ya kabati la mbao lenye balbu inayowaka mchana kutwa, kwa maana mvua ya Kisii huingia hata kwenye rimu iliyofungwa, na karatasi yenye unyevu hukwama. Kabati lile bado lipo. Msiliuze, tafadhali.

Kisha faksi ikaja. Ya kwanza ilitumia karatasi ya joto, ile inayong'aa, ambayo ukiiacha juani wiki moja maandishi yanapotea na mteja anakuja kukugombeza kana kwamba wewe ndiwe jua. Baadaye Mzee akaleta mashine nzuri zaidi, ya karatasi ya kawaida na filamu. Filamu ile ilikuwa plastiki nyembamba yenye wino mweusi, imeviringwa kwenye kijiti. Herufi ikichapwa, wino wake huhamia kwenye karatasi, na kwenye filamu panabaki pengo la umbo lile lile. Roli ikiisha unaitoa, unaichoma, unaweka nyingine. Fundi alinionyesha mapengo hayo siku tulipoifungua mashine, nikasema "nimeona, Fundi", nikaendelea na kazi. Kujua kitu na kukifikiria ni mambo mawili.

Shida ya faksi ilikuwa wateja kutoiamini. Unaingiza barua ya mzee wa Suneka upande huu, inatokea upande ule, unamrudishia. Anaigeuza mara mbili. "Sasa mbona imerudi? Si umesema imeenda Nairobi?" Unaeleza mpaka koo linakauka. Anaondoka akinung'unika kwamba yule msichana wa Muhindi amekula pesa yake. Nikabuni dawa. Kila barua niliyotuma niliitolea kopi kwenye faksi hiyo hiyo, nikaipiga muhuri mwekundu wenye tarehe, nikamkabidhi mteja. Eeh! Mnajua watu wetu na muhuri. Karatasi bila muhuri ni ya kufungia nyama. Malalamiko yakaisha, Mzee akanisifu mbele ya Fundi, nami nikatembea wiki nzima kichwa juu. Sikufikiri kwamba kwa mtindo wangu ule, si barua zilizoingia tu, hata zile tulizotuma zilibaki zote kwenye filamu, ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka mmoja hivi kabla ya uchaguzi wa pili wa vyama vingi, akaanza kuja bwana mmoja wa kazi za usalama. Hakuwa mbaya wa kuangalia. Alivaa koti la kijivu hata jua likiwaka, tukamwita Bwana Koti. Alinunua kalamu moja, akanywa soda na Mzee ndani, wakacheka. Alipotoka, Mzee akaniambia, "Moraa, hii filamu ya zamani usichome tena. Weka kwa katoni. Bwana atapitia."

"Ya nini, Mzee?"

"Bibi yake anafunga miche ya mikaratusi. Wewe weka tu."

Hakukuwa na barua wala risiti. Hata agizo halikuwapo, yalikuwa ni maelewano ya watu wanaojuana. Leseni ya duka hutolewa na serikali, Bwana Koti ni serikali, na katoni ya takataka ni nini kati ya marafiki? Mimi nilimwonya kwamba wino utamchafua mkewe mikono. Akacheka sana. "Wewe madam unajali watu," akasema. Nikafurahi, mjinga mimi. Kwa muda wa miezi minane hivi nilimpa katoni zile kwa mikono yangu, nyingine nikizifunga kwa kamba ya katani ili zisimwagike.

Sasa mjue Mwalimu Ondara. Alikuwa mwalimu mstaafu wa upande wa Nyacheki, mkulima wa chai, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha darasa la nyuma. Wakulima wenzake walikuwa wameitisha mkutano kuzungumzia chai yao, chifu akautawanya kwa askari na marungu, kwa sababu eti hawakuwa na kibali. Watu wakaumia. Mjane mmoja, Mama Bosibori, alipigwa usoni kwa mpini wa mwavuli wa chifu, jicho likaharibika. Mwalimu akakataa kunyamaza. Akatafuta wakili Nairobi, akaanza kukusanya majina ya watakaokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Barua zote zilipitia kwangu. Wakati mwingine alikuja mwenyewe na salamu yake, "Bwakire, Moraa," na mara nyingi alimtuma katibu wao, Momanyi, mtu mpole wa makamo aliyeleta bahasha ndani ya shati ili isilowe.

Orodha ya majina kumi na mawili niliituma mimi. Nikaipiga kopi. Nikaipiga muhuri.

Haikupita wiki mbili, mashahidi wakaanza kutembelewa mmoja mmoja, majumbani kwao, kwa kufuata mpangilio wa orodha. Mmoja akaambiwa mwanawe atafukuzwa chuo cha ualimu. Mwingine alikaa kituoni siku nne bila kuambiwa kosa. Watano wakajitoa. Mwalimu alipokuja kunisimulia alikuwa amekonda. "Waliojua majina ni wawili tu, binti yangu. Mimi na Momanyi." Akaongeza, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nami nilifanya nini? Nilitikisa kichwa. Nilisema, "Watu wabaya, Mwalimu."

Momanyi akaondolewa ukatibu. Hakupigwa, hakuchomewa nyumba. Alinyimwa salamu. Kwetu, mtu akipita kwenye njia ya chai na wachumaji wakainamisha vichwa, ameshahukumiwa. Kinyozi wa soko la Nyamache alimwambia wembe umeisha makali. Kisha mama yake akafa. Nilisikia kwa mteja kwamba kwenye mazishi yale walikuja watu wachache mno, wa ukoo tu, na kwamba kaburi alilichimba mwenyewe na shemeji yake. Ninyi ni watoto wa huku, mnajua jirani asipokuja kuchimba kaburi maana yake ni nini. Nilisikitika, nikahudumia mteja mwingine.

Ikafika siku Bwana Koti alipokuja kuchukua katoni yake akiwa na furaha. Akaegemea kaunta. "Yule mwalimu wenu ana vituko," akasema. "Eti 'mpini wa mwavuli wenye kichwa cha bata'. Bata! Hiyo atampelekea jaji?"

Akacheka peke yake. Maneno hayo, kichwa cha bata, nilikuwa nimeyasoma mahali pamoja tu, kwenye barua ya Mwalimu, nikiwa naitazama ikiingia kwenye mashine. Mkono wa Bwana Koti ulikuwa tayari kwenye kamba ya katani.

"Acha hiyo," nikasema. "Nimechanganya na filamu mpya. Njoo kesho."

Uongo ule sijautubu mpaka leo.

Alipotoka nikaipeleka katoni dirishani, nikaikunjua roli ya juu, nikaiinua kwenye mwanga. Loo! Herufi nyeupe kwenye weusi, safi kuliko barua yenyewe. Nikasoma juu ya mtoto wa mtu aliyelazwa hospitali. Nikasoma posa ya msichana wa Suneka. Nikavuta zaidi, nikamkuta Mwalimu Ondara, na katikati ya barua yake bata wa mwavuli. Chini kabisa kulikuwa na kivuli cha muhuri? Hapana, muhuri niliupiga baadaye kwa mkono. Ndicho kitu pekee changu ambacho hakikuwamo. Nikakaa sakafuni nikalia, na mteja aliyeingia akatoka polepole.

Fundi Shabani wakati huo macho yalikuwa yamemwisha nguvu, alikuja asubuhi tu kukaa nyuma ya duka na kusikiliza mashine. Nikamweleza yote. Nilidhani ataniliwaza. Akauliza, "Huyo katibu, anajua?"

"Hajui."

"Majirani zake?"

"Hawajui, Fundi."

"Basi unalia kwa nani hapa? Mficha uchi hazai, mwanangu. Lakini kwanza funga bomba, ndipo upige deki."

Bomba lilikuwa Mzee. Nikaingia kwake, nikamwambia kwamba kuanzia siku hiyo filamu zote nitazichoma mwenyewe nyuma ya duka, kwenye debe, na mtu wa serikali akitaka barua ya mteja alete amri ya mahakama. Mzee Kanti alifunga mlango.

"Moraa, wewe iko na shamba ya baba. Ukifukuzwa hapa unarudi nyumbani. Mimi wakinifukuza hapa narudi wapi? Hapa ndio nyumbani. Leseni iko kwa hao watu."

"Mzee, najua. Lakini hao watu wana sheria yao waliyoiandika wenyewe. Wakiitaka barua, waende kwa hakimu waeleze ni kwa nini. Hakimu akikubali, nitawapa na kikombe cha maji juu. Hii ya soda na kalamu moja si sheria."

"Na wakikasirika?"

"Watanikasirikia mimi. Sema ni ukaidi wa mfanyakazi."

Akanifungulia mlango nitoke. Kesho yake nilipofungua duka, juu ya kaunta, mahali pangu, palikuwa na kiberiti kipya. Mzee alikuwa ameinama kwenye hesabu zake, haniangalii. "Mimi sijasikia kitu," akasema. Watu humsema Mzee kwa ile miezi minane, na wana haki. Mimi huwaambia pia habari ya kiberiti.

Bwana Koti alikuja saa nne. Nilikuwa nimenunua daftari gumu la kurasa mia mbili na kulichorea mistari: tarehe, jina, cheo, namba ya amri ya mahakama, saini. Nikalifungua mbele yake nikaweka na kalamu.

"Nini hii, madam?"

"Utaratibu mpya, Bwana. Jaza tu, kisha tuzungumze."

"Si sisi tunaelewana hapa?"

"Tunaelewana sana. Ndiyo maana naomba uandike."

Alilitazama daftari lile muda mrefu. Mtu aliyeweza kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi aliogopa mstari mmoja wa daftari! Akaniuliza kama najua ninachocheza nacho. Nikamwambia ninajua, ni kazi za watu. Hakuandika. Alitoka, na mwezi ule tukakaguliwa mara tatu: choo, kizima moto, na upana wa ubao wetu wa jina. Ubao ulionekana kuwa mpana mno kwa usalama wa taifa, tukaukata. Leseni haikuondoka.

Daftari hilo lilikaa kaunta miaka mingi. Aliyelijaza kwa ukamilifu ni afisa mmoja tu, kijana wa upelelezi aliyekuja baadaye kuhusu wizi wa hundi, akiwa na amri yenye jina la hakimu na jina la mtuhumiwa. Nikamtolea alichotaka, kwenye roli iliyokuwa bado mashineni, kwa dakika kumi. Sikuwahi kupinga serikali, kama wengine wenu mnavyosimulia kwa kuongeza chumvi. Nilitaka iingie kwa mlango.

Niliapa pia hati ya kiapo kwa wakili wa Mwalimu, nikieleza filamu zilivyotoka mikononi mwangu na kwenda wapi. Kesi iliahirishwa mara nyingi hata nikaacha kununua viatu vya kwendea mahakamani. Lakini Mama Bosibori alisimama kizimbani na jicho lake moja akaeleza habari yote ya mwavuli wa bata, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hayo nimeyatanguliza, kwa sababu lile lingine ndilo lililonishinda kuandika kwa miaka yote hii.

Jumamosi ya wiki ile ile ya daftari nilipanda kwenda Nyacheki na roli moja ndani ya mkoba. Nilianza kwa Momanyi. Alikuwa anapalilia chai. Nikamwonyesha filamu juani, akasoma jina lake mwenyewe katika herufi nyeupe. Hakupiga kelele. Alinirudishia.

"Umekuja kuniambia mimi," akasema. "Mimi nilijua siku zote kwamba si mimi. Nenda ukawaambie wale."

Nikaenda. Kesho yake, baada ya ibada, Mwalimu Ondara aliwaomba watu wasiondoke uwanjani mwa kanisa. Nikasimama juu ya ngazi, nikafundisha faksi kama nilivyofundishwa mimi: filamu, pengo, herufi. Nikainua ile roli. Nikasema kwa Ekegusii, ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa, kwamba majina yalitoka kwangu, kwamba nilikuwa nikiyafunga kwa kamba, na kwamba Momanyi hakusema neno. Mwanamke mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Ilikuwa haki yake. Mwalimu Ondara alivua kofia, na mzee mzima yule akalia mbele ya wanafunzi wake wa zamani. "Nilimhukumu mwenzangu bila kesi," akasema. "Mimi, niliyekuwa nadai kesi."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa Momanyi, watu thelathini au zaidi, kama watu wanaokwenda matangani. Wanawake walibeba kuni na unga, mtu akaleta mkungu wa ndizi, mimi nilibeba sukari. Miezi ilikuwa imepita tangu mama yake azikwe, nyasi zilikuwa zimeshika kwenye udongo. Tukasimama uani. Mwalimu akatangulia, akaanza pole zake ndefu: tumekuja kukulilia mama, tulichelewa, utusamehe.

Momanyi alimsikiliza mpaka mwisho. Alipokea kuni, akapokea unga, akavipanga ukutani bila haraka. Kisha akanyoosha mkono kwenye kaburi, kando ya migomba.

"Mimi nimewasikia," akasema. "Lakini aliyekufa akiulizwa na majirani kwa nini amezaa msaliti si mimi. Mama ni huyo pale. Mwambieni ninyi wenyewe."

Hakuna aliyesogea. Mwalimu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikasikia mtu nyuma yangu akipenga kamasi. Nikaweka sukari chini, nikapita katikati yao mpaka kwenye kaburi. Yule mama hatukuwahi kuonana, kwa hiyo nilianza kwa kumwambia jina langu, na kazi ninayofanya.